Hatua Ishirini Nyuma

Wiki ya kwanza tuliketi pamoja,
bega kwa bega, kwenye tramu ya Liepāja.
Mji una njia moja tu ya tramu, hakuna pa kupotelea,
alisema mama yake,
huku akifunga kifungo cha koti la bintiye
ambacho kilikwisha kufungwa.

Wiki ya pili, kiti cha nyuma yake.
Ya tatu, nyuma kabisa, nimejificha kwa gazeti
kama mpelelezi wa mshahara mdogo.
Ndiyo kazi niliyoajiriwa:
kujiondoa, kidogo kidogo,
kama auchomoaye mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala.
Hapana. Nimekosea.
Vizma si mtoto, wala hakulala.
Ana miaka ishirini na mitatu,
na Oktoba alipiga kura; hakuniambia alimpa nani.

Kazi yake ni kukunja mashuka ya hospitali.
Mkono wake wa kushoto ulizaliwa umekunjika,
ukakataa kukunjuka.
Siku ya kwanza alishika shuka kwa meno.
Marufuku, wakasema, na kweli,
shuka la mgonjwa si la kuumwa.
Siku ya pili, kwa kidevu. Likaburuzika sakafuni.
Nikaandika kwenye fomu: *hajaweza*.

Dzidra wa zamu ya asubuhi, mwanamke asiyesalimia mtu,
akatoka bila neno, akarudi na nyundo,
akapigilia ndoano ukutani, usawa wa bega la Vizma.
Pembe moja kwenye ndoano,
pembe ya pili kwenye mkono wa kulia,
shuka likasalimu amri.
Wasemao mtegemea cha nduguye hufa maskini
hawakuiona ndoano ile.
Nikalifuta neno langu. Lilikuwa la wino,
alama yake ipo mpaka leo.

Saa haisomi. Tumebandika utepe kwenye kioo chake:
mwekundu, toka nyumbani; kijani, kula.
Pesa zimo bahashani:
ya kodi ina mchoro wa mlango,
ya umeme ina mchoro wa taa,
na moja haina mchoro wowote.
"Hiyo usiulize," aliniambia.

Januari, saa mbili asubuhi, giza bado totoro,
akashuka vituo viwili kabla ya kwake.
Kanuni inasema: hesabu hadi mia mbili, usimwite.
Nikahesabu, baridi ikinikwaruza masikio.
Mia na arobaini. Mia na arobaini na moja.
Akatoka dukani na mkate mweusi kwapani,
akaja moja kwa moja kwenye nguzo niliyojibanza.
"Koti lako lina kelele. Nakusikia tangu Novemba."
Akanimegea.
Tukafika kazini tumechelewa dakika sita,
na aliyeeleza sababu ni yeye.

Mama yake hupiga simu kila usiku.
Vizma hupokea mara moja, kisha huizima.
Basi mama hunipigia mimi. Amekula?
Sijui, namjibu,
na neno hilo, *sijui*,
limenichukua miezi mitano kujifunza kulitamka.
Yeye upande wa pili hukaa kimya,
nasikia tu redio yake.

Jana Vizma alinialika chai, ghorofa ya nne.
Sufuria ilikuwa imeungua upande mmoja.
Alinionyesha kwa fahari,
kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi.
Nilipoaga, hakunisindikiza.
Ufunguo ulizunguka mara mbili,
kwa ndani.

Nilikuwa ngazi ya chini kabisa mlango ulipofunguka tena.
"Glavu zako! Utaganda!"
Akazirusha.
Moja ilinifikia.
Nyingine ilinasa kwenye reli ya ghorofa ya pili;
nikapanda kuichukua,
kisha nikashuka.