Kidole Kidogo

Ameniletea vimefungwa gazetini, Jumatatu,
kabla sijafungua hata kopo la gundi:
viatu vya marehemu babake, Zablon Ogweno,
karani wa ghala la reli, Kisumu, tangu hamsini na nne.
"Tia soli, fundi. Na hapa palipovimba, panyooshe.
Navitaka kabatini, kwenye kioo."

Nimevigeuza, nikavinusa. Ngozi ya ndama,
rangi ya strungi iliyochemka mno.
Ncha imevishwa bawa, na juu ya bawa
vitundu, vitundu, kama wimbi lililomwagika kwa mpango.
Nimejaribu kwa msharasi: havipiti.
Havikutobolewa kwa maji wala kwa hewa,
ni urembo tu, adabu ya chuma kidogo.
Ulimi upo, umelala chini ya gidamu, kimya.
Ukingoni, mishono kumi na miwili kwa inchi;
nimehesabu mara mbili, kwa wivu.
Vya siku hizi hapa Kibuye hugandishwa, havishonwi,
mvua moja ya Aprili, vinacheka.

Nimekata uzi wa nta. Soli ikaachia
kwa sauti ya mtu anayeguna.
Ndani, utepe wa chuma kiunoni, bado mnyoofu,
na koki nyeusi iliyoweka unyayo wake:
shimo la kisigino, shimo la dole gumba,
unyayo mpana, wa mtu aliyekulia Nyakach pekupeku.

Hapo nikauelewa uvimbe.
Aliyechonga kalibu hakuujua mguu huu.
Alichonga mguu mwembamba wa juu ya zulia,
vidole vikipanga foleni kuelekea ncha.
Naye Zablon akalipa, mwezi kwa mwezi,
akautia mguu wake humo kila alfajiri,
akasimama saa nane akihesabu marobota ya pamba,
na kidole kidogo cha kulia, kidogo kidogo,
bila kelele, bila barua kwa meneja,
kikasukuma.
Miaka tisa. Labda kumi.
Mpaka ngozi ya ng'ambo ikasalimu amri.

Koki sikuigusa.
Soli mpya nimeishona kwa mkono,
mishono tisa kwa inchi, ndio uwezo wangu.
Nimepaka rangi, nikasugua kwa soksi kuukuu;
uvimbe nimeupaka mara mbili.

Ijumaa akija, akiuliza mbona sijapanyoosha,
nitamwambia kalibu ya saizi nane imepasuka.
Nzima iko hapa, chini ya benchi.
Nimeitupia gunia.