Santuri Isiyo na Jalada

Ilifika Tabora na treni ya Jumanne,
imeviringishwa khanga kuukuu, haina jalada, haina jina.
Kinanda kikaanza. Ngoma ikahesabu saba.
Nikakunja vidole: kimoja kikakosa pa kukaa.

Mihayo, fundi redio wa Ng'ambo, akacheka:
"Hawa jamaa walipoteana njiani."

Nikaandika nyuma ya stakabadhi ya tumbaku:
Upande wa pili. Gitaa linapanda ngazi
ya nyumba isiyo na ghorofa.
Tarumbeta limechelewa, wala haliombi radhi.
Dakika ya kumi na moja, mkwaruzo: tk, tk.
Nyota tatu.

Miaka minne baadaye nikapata nyingine, safi, kutoka Kigoma.
Dakika ya kumi na moja nikatega sikio.

Muziki mtupu.

Nikairudisha ile ya kwanza,
nikaiongezea nusu nyota.