Hesabu ya Kuzama

Balikowa, kesho saa kumi na moja alfajiri
mgeni atashuka Kyabirwa na ufito wake wa kuvulia,
nawe jioni hii, mdomo umejaa chapati,
unaniuliza: uzi upi?

Fungua kopo la maziwa ya unga.
Mle mna nyuzi tatu alizotuachia yule mzee
aliyezoea kuvua samaki wa mistari baharini kwao,
bahari ya baridi, alisema, yenye mkondo wa hasira.
Sangara wetu hana mstari hata mmoja,
ila naye hulala chini, nyuma ya jiwe,
akingoja mto umletee chakula mlangoni.

Wenye fundo jekundu huzama polepole
kama usingizi wa mchana. Huo ni wa matetení,
maji ya kimo cha mtu.
Wenye fundo la bluu ni wa kati;
huo siupendi, haujui unachotaka.
Usio na fundo ni mzito. Una madini moyoni.
Ukiurusha vibaya utakupiga kisogoni,
mgeni atacheka, kisha utampiga na yeye.

Chukua huo.

Mjomba Mugoya husema nimerogwa:
pesa nzima kwa kamba inayozama!
“Mimi,” husema, “nililipwa kuelea.”
Na kweli. Alikuwa akiruka maporomokoni Bujagali
amekumbatia dumu la njano lililozibwa kwa gunzi,
shilingi elfu tano, watalii wameshika vifua,
kisha kule chini kichwa kinaibuka, kinacheka.
Mama aliuza mahindi ya kuchoma palepale.
Kusema neno ilibidi upaze sauti,
ndiyo maana ukoo wetu hadi leo
tukisalimiana utadhani tunagombana.

Kisha bwawa. Maji yakapanda bila haraka,
maporomoko yakazama yakiwa wima.
Asubuhi moja tuliamka
tukamsikia jogoo wa ng'ambo.

Basi sikiliza. Katikati, zima mashine.
Ule uzi mwembamba wa mwisho ukate mfupi,
kiwiko hadi ncha ya kidole, usizidishe;
ukiurefusha, nzi wako wa manyoya ataelea juu
na uzi umelala chini,
kama mtoto aliyekataa kwenda kulala.
Nzi ni yule wa singa za mbuzi
na nyuzi za fedha nilizochomoa kwenye gomesi ya Mama.
(Hajui. Usimwambie.)

Mgeni arushe kuelekea mkondo unakotoka,
aache. Asivute. Ahesabu.
Wengi hushindwa hapa:
mkono hauamini usichokiona.
Wakifika saba wanavuta. Saba ni maji matupu.
Kumi na mbili, hapo palikuwa na jiko la Mama.
Kumi na nane uzi utasita, utagusa kitu:
ni ukingo wa jiwe alilorukia Mjomba.
Hapo. Vuta shibiri moja. Tulia. Shibiri mbili.

Na asipoguswa, asiunyakue uzi kutoka chini
aurushe tena kwa pupa, atavunja ufito.
Kilichozama hakirushwi.
Hupandishwa kwanza, taratibu,
hadi kione mwanga.

Jumapili nilimchukua Mjomba mtumbwini.
Hakutaka ufito. Alishusha uzi kwa mkono,
vidole vile vilivyokunjika kwa baridi yabisi,
midomo ikihesabu, bila sauti, yeye ambaye
hata kusali husali kwa kelele.
Kumi na saba. Kumi na nane.
Akanyamaza na kamba mkononi
kama aliyeshika mkono wa mgonjwa.
“Lipo,” akasema.

Hatukupata samaki.
Tulipofika nchi kavu akapapasa mfuko wa shati,
akanilipa elfu tano.

Uukaushe uzi kabla hujaurudisha koponi.