Jairo Kalewa Tena

Jina lake halisi ni namba ndefu kwenye kibandiko.
Ndimbo, dereva, akalifupisha: Jairo.
Kisanduku cha kilo moja na robo, chini ya kiti cha abiria.
Haoni barabara, haoni nyota,
anahisi tu: tumesukumwa, tumepinda.
Mengine anajumlisha gizani.

Setilaiti zinamshika mkono mpaka Gerezani.
Tukiingia Mtaa wa Nyamwezi, ghorofa nane huku, kumi kule,
mbingu inabaki upana wa rula
na Jairo anabaki na hesabu zake.

Dakika nne.
"Injinia Nakiete, Jairo kalewa tena."
Kwenye skrini gari letu limepanda baraza la duka la vitenge,
limepenya ukuta bila kubisha hodi,
limeteremka Jangwani, linaelea juu ya matope.
Sisi tupo palepale, nyuma ya mkokoteni wa magodoro.

Kosa lenyewe, ukiliweka kiganjani, ni kitu gani?
Sehemu ya mia ya digrii. Unywele.
Lakini Jairo hulijumlisha likawa mwendo,
mwendo akaujumlisha ukawa umbali,
na mwisho wa umbali ule kuna mtu:
mama wa Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya tano, lifti mbovu,
anasubiri gari la wagonjwa
ambalo kwa mujibu wa mitambo liko bondeni, mita mia sita.

Miezi mitatu nilimtibu.
Nilimpima alfajiri, nyuzi ishirini na nne,
nikampima saa nane mchana, bati la karakana ya Keko likilia kwa joto:
walikuwa Jairo wawili. Nikamchorea jedwali la homa zake.
Nikamtandikia mpira asisikie injini ikikohoa.
Nikamfundisha sheria mbili za gari:
haliendi ubavu kama kaa,
haliruki.
("Hujapanda gari la shemeji yangu," akasema Ndimbo.)

Akapata nafuu. Hakupona.

Ijumaa moja, Msimbazi, trafiki kanyoosha mkono
akausahau hewani.
Ndimbo kazima injini, anamenya chungwa.
Nikatupa jicho kwenye namba:
gari limesimama kama nguzo ya umeme
na Jairo anaapa tunakwenda,
kilomita mbili kwa saa, kaskazini-magharibi.

Nikacheka hadi Ndimbo akaacha chungwa.

Kumbe hapa ndipo anapokamatika!
Hajui tuko wapi, lakini gurudumu linajua halizunguki.
Lolote analodai sasa hivi ni uongo mtupu,
na uongo uliopimwa
unatoleka.

Usiku ule niliandika mistari tisa.
Magurudumu yakitulia sekunde mbili, mwambie: sifuri.
Alichozidisha, kikate. Kumbuka ni kiasi gani. Endelea.

Basi foleni hii tunayoilaani mji mzima
inamrudishia akili mgonjwa wangu kila baada ya hatua hamsini.
Kila taa nyekundu, kila lori linalorudi nyuma kwa mlio,
kila msafara wa wakubwa uliotufungia njia,
nasema kimoyomoyo ahsante,
na nikishuka garini naona haya kuyasema mbele za watu.

Ninachohofia sasa ni saa tisa za usiku.
Barabara nyeupe, hakuna wa kutusimamisha.
"Simama kidogo," namwambia Ndimbo mbele ya maduka yaliyofungwa.
"Kuna nini?"
"Hakuna kitu. Sekunde mbili."
Anasimama. Kisha, bila kugeuka:
"Na akiwemo mtu nyuma, anavuja damu?"

Swali hilo nimeliandika pembeni mwa daftari.
Halina mstari wa kumi bado.

Jana, jaribio la arobaini na moja, kutoka Keko hadi Sikukuu,
setilaiti nimezifunga zote kwa makusudi.
Jairo akatufikisha.
Ndimbo akashuka, akabisha hodi, akaamkua, akarudi taratibu.
"Siyo hapa. Ni pale, kwenye mlango wa bluu."

Tukavuta utepe kutoka mlango hadi mlango.
Mita kumi na moja.
Nikaandika kumi na moja.