Daftari la Verlene

Jirani yangu Verlene Unruh, alipopelekwa Wichita
kwenye nyumba ya wazee, aliniachia vitu vitatu:
ufunguo wa kibanda, kuku mmoja mchokozi,
na daftari la mvua.
Kipimo kiko uani, kimefungwa kwenye nguzo ya uzio,
mrija wa kioo usiozidi unene wa kidole gumba.
"Kila asubuhi saa moja," alisema. "Hata kama hakuna kitu.
Hakuna kitu nacho huandikwa."

Basi natoka kiwanda cha nyama, zamu ya usiku,
kofia imeniachia mstari kwenye paji la uso,
navuka daraja la mto Arkansas,
daraja refu, lenye taa,
na chini yake mchanga, na juu ya mchanga alama za pikipiki.
Mji umepewa jina la bustani. Sibishani na majina.

Saa moja. Nachutama. Naandika: sifuri.

Daftari linaanza mwaka sabini na moja, kwa penseli ya mumewe.
Enzi hizo ukame ulikuwa na adabu:
ulibisha hodi mwezi wa nane, ngano imeshaingia ghalani,
ukakaa wiki tano, ukaaga.
Mwezi wa tano tarakimu zimenenepa,
na pembeni: *matope; trekta limenasa; Verlene kacheka.*

Nikifunua kurasa nauona unavyosogea.
Mwezi wa nane. Wa saba.
Mwaka mmoja hauonekani kabisa,
unaofuata unarudi na mizigo yake yote.
Kufikia mwandiko wa Verlene, herufi ndogo zilizolala kushoto,
umeshaingia mwezi wa nne,
ngano ingali kijani, ingali inanyonya.

Na mvua yenyewe? Nilijumlisha mara mbili,
kwa kikokotoo cha simu, pazia limefungwa, usingizi umenipaa.
Jumla ni karibu ileile.
Ila imekuja usiku mmoja wa mwezi wa kumi,
yote, kwa hasira,
mbegu haijashika mizizi,
ikaondoka nayo.

Kwetu Manyoni mama alipima kwa jembe:
likizama hadi shingo, panda.
Jumapili nilimsimulia habari za daftari. Akanyamaza,
nikadhani salio limekwisha.
"Hata huku," akasema, "ya Desemba inakuja Januari.
Jembe linagonga tu. Ngo, ngo."

Nilijaribu kuyapa majira ya hapa majina yetu,
masika hapa, kiangazi pale.
Yalihama kabla sijamaliza kuyabandika.

Dalili ya mvua ni mawingu, tuliimbishwa darasani.
Hapa mawingu hupita juu ya maghala ya nafaka
kama wageni wanaokwenda harusi ya jirani:
wamependeza, na hawatusalimii.

Ijumaa humpigia Verlene, namsomea safu nzima.
Sifuri, sifuri, sifuri, robo inchi, sifuri.
"Huo mwezi gani?"
"Wa tano."
"Wa tano," anasema, na nasikia mtu akimsogezea kikombe.
"Kuku je?"
"Amenidonoa."
"Vizuri."

Leo kuna tone moja, limeng'ang'ania ubavuni mwa kioo.
Huenda ni umande. Huenda kuku amepiga chafya.
Nimelitazama mpaka magoti yakalalamika,
mpaka jua likafika ukingoni mwa mrija
na tone likaanza kupungua nikiliangalia.

Sikuandika sifuri.
Nimeandika: *tone,* na saa.