Funguo Nne

Nimechora nyuma ya stakabadhi ya ghala,
ile ya korosho za mnada wa tatu,
visanduku vinne vya wino wa bluu
na watu kumi na wawili wasioenea.

Tumeshuka kutoka Newala alfajiri,
kule maji tunayanunua kwa ndoo
na mtu huona haya kuyamwaga.
Hapa Shangani hoteli ina bwawa,
na bomba la rangi ya chungwa
lililojikunja kama utumbo wa mbuzi
likimtapika mtoto majini.
Watoto wameliona toka getini, wamekuwa mabubu,
isipokuwa Nassoro, aliyeuliza:
maji yote haya, nani kayateka?

Mapokezi, Bwana Ligunda ana kalamu sikioni.
Chini vipo viwili, juu viwili.
Cha familia kina vitanda vitatu na feni moja.
Cha pembeni kina kiyoyozi, ila kinanguruma.
Nikasema moyoni, hicho cha mama mkwe,
wangurume pamoja.

Mama mkwe hapandi ngazi, goti la kushoto.
Halali na mjukuu anayekojoa,
na asiyekojoa halali naye pia.
Shemeji Issa na Zamda, ndoa yao haijafika arubaini,
hao usiwape ukuta mmoja na mtu.
Mume wangu anataka kitanda kilicho karibu na soketi.
Mwajuma ana miaka kumi na mitatu,
havui mtandio mbele ya kaka zake tena. Ni haki yake.
Hamza akila pweza usiku, anatembea usingizini.
Rehani ananyonya, anaacha, anarudia.

Nikafuta, nikachora,
nikawahamisha kama kete za bao,
kila niliposambaza, mkono ukalala
na shimo moja limefurika.

Na huyu? Ligunda akauliza.
Huyu alikuwa amesimama na mabegi matatu,
Rehani mgongoni.
Yaya tunamwekea godoro chini, elfu kumi,
hapo hapo kwa watoto. Wote hufanya hivyo.
Ndivyo nilivyokuwa nimechora:
kistari chembamba kati ya vitanda,
sikukiandikia jina.

Sijui kwa nini siku hiyo niligeuka.
Sikujua, we ungependa kulala wapi?
Miaka minne yuko kwangu.
Alicheka kwanza, akidhani namtania.
Kisha akasema, akitazama vidole vya miguu yake:
"Penye mlango unaofungwa kwa ndani."

Mume wangu alinitazama kama niliyeuza shamba.
Issa na mkewe wakapewa cha juu, mwisho wa ukumbi,
mume wangu akalala na wavulana wakubwa na soketi yake,
na ufunguo wa nne ukawa namba saba,
kijichumba nyuma ya jiko, kinanukia vitunguu,
kitanda kimoja.
Nilisikia komeo likiingia.

Godoro la elfu kumi nikalilalia mimi.
Ndipo nilipojua kuwa Zaituni husaga meno,
kuwa Hamza hutembea hata bila pweza,
kuwa Fadhili huomba maji saa nane na hayanywi,
anataka tu kuona kama kuna mtu.
Saa tisa Rehani akaamka.
Nikampa titi, akalisukuma.
Akakaa kitako gizani, akaita:
Sikujua! Sikujua!
Nami ndiye niliyeitika.

Nilimbeba mpaka namba saba.
Nikainua mkono nibishe.
Ndani, feni, na pumzi ndefu
za mtu ambaye hakuna anayemhitaji.
Nikaushusha mkono.

Tukaketi kwenye ngazi, mimi na mwanangu,
tukilitazama bomba la rangi ya chungwa,
kavu,
maji yamefungwa mpaka asubuhi.