Nyumba na Aliyemo

Shangazi Irmgard alipofariki, mimi na kaka yangu Falk
tulirithi nyumba ndogo ya matofali mjini Chemnitz:
vyumba viwili, jiko, uwanja wa kuanikia nguo,
na Bi Gudrun Uhlig.

Wakili wa mirathi hakumtaja.
Alitaja mita za mraba.

Mnunuzi akapatikana upesi, Bwana Riedel wa Zwickau,
mwenye rula ya kukunja mfukoni.
Akapima dirisha, akapima ukuta,
akampima na Bi Uhlig kwa jicho,
naye yuko mezani anamenya viazi, hainui uso.
"Itakuwa tupu lini?"
Falk akajibu kabla sijameza mate:
"Machi."
Neno likaingia mkatabani, likapigwa muhuri.
Ulimi hauna mfupa.
Karatasi inao.

Tukamwandikia barua ya kuhama.
Akajibu kwa mkono, mwandiko umelala upande
kama nyasi baada ya mvua:
niliingia humu mwaka wa sabini na tisa,
nikitoka zamu ya usiku kwenye mashine za kufuma soksi.
Nimemzika mume nikiwa humu.
Sitatoka kwa sababu ya Machi.

Basi, mahakamani.
Sisi tulimshtaki Bi Uhlig kwa kukaa,
Riedel akatushtaki sisi kwa kuahidi,
na Falk hakushtakiwa na mtu kwa mdomo wake.

Chumba kilikuwa na joto la kuivisha mkate.
Hakimu, mwanamke kijana mwenye mafua,
alipenga kamasi, akakunja leso, akasema
kama mtu amwambiavyo mtoto kwamba moto unaunguza:
"Mauzo hayavunji upangaji."
Nikamnong'oneza wakili wetu:
kwa hiyo tunamuuza pamoja na nyumba?
Hakimu alinisikia.
"Hauzwi," alisema. "Anabaki."

Kisha Bi Uhlig akafungua kopo la biskuti.
Stakabadhi. Za kila mwezi, miaka arobaini na minne,
kila mwaka umefungwa kwa uzi wake wa sufu.
Za chini kabisa zilikuwa za fedha
ya nchi ambayo haipo tena.
Nchi ilikufa; kodi haikuchelewa.

Katikati ya mwaka wa tisini na sita palikuwa na kikaratasi
ambacho hakikuwa stakabadhi.
Hakimu alikisoma kwa sauti, pua imeziba:
*Bomba la jikoni linavuja. Nitalitengeneza. Irmgard.*
Akakirudisha koponi, hakusema neno.
Mimi ndiye niliyetazama sakafu.

Tulishindwa. Riedel alijitoa,
gharama zake tukalipa, na za Bi Uhlig,
na za yule wakili aliyetuambia tangu mwanzo
kwamba kesi hii ni nyepesi.
Falk hapokei simu zangu.
Aliniachia hisa yake kwa bei
ambayo mpaka leo sijui nani kamwibia mwenzake.

Mwezi wa Mei nikaenda na spana
na mpira wa bomba wa euro moja na senti kumi.
Nikalala chali chini ya sinki, maji yakiniingia mkono wa shati,
Bi Uhlig ameshika tochi.
"Kushoto zaidi," alisema.
Alikuwa amelitazama bomba lile kwa miaka ishirini na saba,
alijua kila kitu kulihusu isipokuwa namna ya kulifunga,
au alijua, lakini halikuwa deni lake.

Nilipotoka aliuliza tarehe,
akaandika, akanipa kalamu niweke sahihi,
akafungua kopo.

Tukafungua maji, tukayafunga.
Tone moja likaning'inia, likanenepa, likaanguka.
Tulisimama wote wawili, tukingoja la pili.